Kikombe cha Uzi Mwekundu

Mnisamehe mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Penye herufi kubwa mara nyingi nakisia tu. Lakini wiki iliyopita nilirudi Kabungu kwa shangazi, nikapita kando ya shamba la mahindi yaliyotoa mbelewele, yale maua ya kileleni, nikapiga chafya saba. Tangu hapo sijatulia.

Miaka ya tisini, nikiwa mtoto, pua yangu ndiyo ilikuwa kalenda. Mahindi yakishampita bibi kwa urefu, ule unga wa njano ukaanza kupeperuka, macho yaliniwasha kama yamepakwa pilipili. Nilipalilia hatua mbili, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena, nikipiga chafya na kukohoa. Binamu yangu alizoea kunitania, "Dada, chafya yako imeshafika nyumbani, wewe uko wapi?"

Bibi hakucheka. Babu alikufa kwa kifua kikuu, na bibi alimsikia babu katika kila kikohozi. Siku moja jirani alichungulia uani akasema, "Nyie, huyo mtoto mtamzika." Jioni ileile bibi alikifunga kikombe changu cha bati uzi mwekundu, asije mtu akakinywea. Mdogo wangu, aliyekuwa bado anatambaa, alizoea kunywa uji kikombeni mwangu. Sasa alilia akinyoosha mikono, nami nilimpa mgongo nikanywa haraka, uji ukiniunguza. Kikombe kile kilinitesa kuliko pua.

Mwishowe tukaenda zahanati. Makohozi yangu yakapelekwa Mpanda mjini, tukasubiri wiki nzima. Bibi alifagia uwanja uliokwishafagiwa. Mimi niliushika ule uzi, nikauachia, nikaushika tena. Nilitaka kuuliza kama nitakufa, nikaona haya.

Siku ya majibu daktari alisema kifua kikuu hakuna. Kisha akauliza, "Bibi, hizi chafya huanza lini?"

"Mahindi yakitoa mbelewele."

"Na huisha lini?"

"Tukianza kuchoma mahindi."

Daktari akacheka. "Sungusungu wa kijijini si unawajua? Hata mwilini wapo, wanalinda. Ila wa mjukuu wako wana wasiwasi mno. Vumbi la maua linapita zake, halina hata fimbo, wao wanapiga filimbi na kuamsha kijiji kizima. Machozi, makamasi, chafya, yote hayo ni kumfukuza mgeni asiye na kosa. Haiambukizi, bibi."

Tulipofika nyumbani bibi alimimina uji kwenye kikombe changu, akanywa yeye kwanza, yule jirani akiwa palepale uani anatazama. Akampa mdogo wangu. Ndipo akanipa mimi. Uzi aliukata kwa meno.

"Hata mimi nilipiga filimbi bure," alisema.

Msimu ule niliendelea kupiga chafya hadi mahindi yakakomaa, lakini nilipiga nikiwa katikati ya watu.

Bibi hayupo tena. Nusu ya shamba lake sasa ni nyumba za matofali, na kikombe hakuna anayekumbuka kilikokwenda. Mbelewele tu ndizo hazijahama, nami kila zikitoka mkono wangu unatafuta uzi.

Kama huko kwenu kuna mtoto aliyetengewa kikombe mahindi yakichanua, niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Niambieni nani alikunywa kwanza.