Konzi Moja Zaidi kwa Kadi ya Kijani

Saa moja asubuhi, mhudumu wa chumba cha panya anavua viatu mlangoni, anavaa ndara za plastiki na kuwasalimia wapangaji wake themanini. "Hamjambo wanangu? Nani kanenepa, nani kanuna?"

Wenzake humwita Baba Panya. Hajali. "Nyumbani nikiingia hakuna anayeinua kichwa. Hawa wanasimama wima."

Panya wote wana saratani ya ini. Nusu wanapewa tiba ya jeni: kirusi kilichopunguzwa makali kinabeba jeni ya kudumaza uvimbe. Nusu wanadungwa sindano za dawa ya kawaida. Vizimba vina kadi nyekundu na kijani. Nani anapata ipi, anajua mtafiti mkuu peke yake. Kila wiki hupimwa uzito na uvimbe.

Balaa lilianzia kwenye huruma. Wa kijani walikonda, manyoya yakawasimama. Mzee mzima roho ikamuuma, akawa anawaongezea konzi ya chakula kila asubuhi. Uzito ukapanda. Mtafiti mkuu akaanza kutabasamu.

"Hapo ndipo nilipojua kijani ndiyo tiba mpya," anasema.

Dada yake anaugua ugonjwa huohuo. Yuko kwenye sindano za kawaida tangu mwaka jana, anaisubiri hiyo tiba mpya kwa hamu. Kusema ni kumchelewesha. Kunyamaza ni kuacha dawa mbovu isifiwe kwa shibe.

Akasema. Mtafiti mkuu akauliza, "Konzi ngapi?"

"Sikuhesabu, daktari."

Kazi ya miezi mitatu ikatupwa, ikaanza upya. Yeye akapata barua ya onyo.

Kumwambia dada ndiko kulikomtoa jasho.

"Kwa hiyo umenichelewesha kwa ajili ya kulisha panya?"

"Ndiyo, dada."

"Na mimi jana ulipokuja kuniona, uliniletea nini?"

"Nilikuja mikono mitupu, dada." Dada akacheka mpaka akajishika ubavu. "Haya, pimeni vizuri. Nikija kudungwa hiyo mpya, nidungwe kitu cha kweli."

Sasa chakula kinapimwa kwa mizani, gramu kwa gramu, mwenzake akitia saini. Kuna waliokonda tena. Anawatazama, mikono kaitia mfukoni.

"Nataka dada awepo majibu yakitoka," anasema. "Yakiwa mabaya, nitamwambia mimi mwenyewe. Na safari hii sitakwenda mikono mitupu."