Jibu la Mtoto wa Dada

Mlio wa mashine ya kuzungusha damu bado ninausikia. Ulianza taratibu nyuma ya ukuta wa kliniki, ukapanda kama kinu cha posho kilicho mbali, halafu ukazama polepole mpaka kimya.

Mama alikuwa amempakata mtoto wa marehemu dada yangu. Tulitaka kujua kama mtoto alikuwa na virusi vilivyomwondoa mamake. Kipimo cha kawaida kingeonyesha anavyo hata kama hana, sista wa utafiti alitueleza, kwa sababu mtoto mchanga bado anabeba kinga ya mamake. Maabara ilikuwa na njia ya kutafuta kirusi chenyewe ndani ya tone la damu, wakikizidisha hadi kionekane, kama kipo. Mimi wa darasa la nane niliona ni muujiza. Nilishampangia mtoto shule, viatu, hata kazi kwenye maabara hiyo.

Siku ya kumtoboa kisigino, mama alimpaka mafuta toka utosini hadi unyayoni. Kwetu mtoto hatoki nje amepauka, watu watasema hana wenyewe.

"Mama, umemkaanga huyu?" sista aliuliza, akipangusa kisigino kwa pamba ya spiriti.

"Huyu ni bwana wangu, sista. Nimtoe na vumbi, wanicheke?"

Tulicheka. Matone yakaingia kwenye karatasi, ikaanikwa. Wiki kadhaa baadaye maabara ikasema mafuta yameharibu madoa, damu itolewe upya. Safari hiyo mama alimsugua mguu kwa sabuni mpaka mtoto akalia. Hakuna aliyefanya mzaha.

Mvua ilitangulia jibu. Kifua kilimbana mtoto, nimonia ikamchukua. Matangani walinong'ona kwamba amemfuata mamake kwa ugonjwa ule ule.

Sista alipotuma ujumbe kuwa jibu limefika, mama alisema, "Jibu la nani sasa? Nenda wewe."

Sista alifunga mlango kwanza. "Hakuwa nacho kirusi, dada. Pole sana."

Nikamshukuru, kana kwamba amenipa kitu cha kubeba nyumbani. Nilijaribu kupanga nitamwanzia wapi mama. Mimi niliyezoea kupanga ya miaka ijayo, sikupata hata sentensi moja.

Nilizunguka nyuma ya kliniki, nikafungua mfereji, nikanawa uso, nikasubiri macho yaache kuwa mekundu kabla ya kushika njia ya nyumbani.