Daktari Wilbard na Kaka Yake wa Kiswidi

Udaktari wenyewe hana, tuanzie hapo. Wilbard ana mwaka wa saba hapa Guangzhou akisomea historia, tasnifu haijafika hata nusu, lakini ukimwita Wilbard mtupu haitiki. Mpaka useme Daktari. Sisi tunaonunua nguo Shisanhang anatuita "watu wa marobota", na akipita baina ya mizigo yetu hupandisha suruali asije akachafuka. Ati suti ya sufu, mwezi wa sita, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni! Mtu hata joto halijui.

Na mie Shamsia, mtu mzima na akili zangu, nilikuwa wa mbele kumnyenyekea. Akija stoo kwangu, Zhanqian Road, nampisha kiti, namtilia chai, Daktari huku, Daktari kule. Nadhani nilitaraji elimu inaambukiza.

Mwenye elimu alikuwa Gaudiosa, na huyo nilikuwa namtuma maji. Binti wa Bukoba, mpole, sauti ya chini. Alikuwa akija kunisaidia kusema na malaoban wenye maduka wanapokaza bei, kisha hukaa juu ya robota na daftari lake. Alikuwa anasoma Kiswidi. Nilipomwuliza cha nini, alicheka.

"Dada Shamsia, hapo Shisanhang unaponunua blauzi, Waswidi walikuwa na nyumba yao ya biashara, miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Walikuja na meli kununua chai."

Karani mmoja wa meli hizo aliandika shajara, siku kwa siku. Picha za kurasa zake Gaudiosa alizipata kutoka Uswidi, na mwandiko ule, wallahi, utadhani kuku kakanyaga wino. Hata Waswidi wa leo unawashinda. Gaudiosa aliunakili kwa mkono, herufi kwa herufi, miaka miwili. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwezi wa saba, na Profesa Liang, msimamizi wake, alishamwambia waziwazi: aonyeshe kazi mpya, yake mwenyewe, ama arudi Bukoba bila shahada. Kazi yote ilikuwa ndani ya daftari lile, na nakala nyingine hana. Msichana kasoma mpaka Kiswidi, kulipiga picha daftari hakukumbuka!

Basi siku moja akalisahau stoo. Wilbard akaja, akaliona, akalifunua.

"Dada Shamsia, naliazima siku mbili. Nataka kumsaidia huyu mtoto, lakini usimwambie. Nataka kumshtukiza."

Nikampa. Tena kwa mikono miwili, kama namkabidhi msahafu. Gaudiosa aliporudi mbio jioni ile, nikamwambia, "Labda umeliacha kwenye metro, mdogo wangu." Siku mbili zikawa wiki. Kila nikimpigia Wilbard ananijibu bado kidogo, bado kidogo. Gaudiosa akaniuliza mara ya pili, akaniuliza mara ya tatu. Nishasema metro, nitarudi nyuma na uso gani? Nikashikilia metro. Mtoto wa watu akazunguka stesheni moja baada ya nyingine, akiuliza kwa walinzi, mpaka uwanja wa ndege Baiyun alifika.

Wiki ya tatu Wilbard akatualika chuoni kwenye kongamano. Alitaka watu wa marobota wajaze viti, maana leo tuna faida. Tukaenda na mabaibui yetu mazuri. Gaudiosa alikaa nyuma kabisa, macho yamevimba. Mbele walikaa Profesa Liang na bibi mmoja mtaalamu kutoka Uswidi, mvi tupu, miwani puani.

Wilbard akapanda. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeye, kwa jasho lake, kanakili shajara ya karani wa meli ya Kiswidi. Na humo kagundua jambo ambalo wazungu hawakuliona: melini mlikuwa na baharia Mswahili! Jina lake Kaka. Karani alimpenda kiasi kwamba kila asubuhi, akinywa chai, lazima amtaje. Kaka huyu, Kaka yule. "Ndugu zangu," akatugeukia kwa Kiswahili, mkono kifuani, "kaka yetu alitutangulia Guangzhou!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Nami nililia. Naam, nililia machozi ya kweli kwa ajili ya kaka huyo, mjinga mimi.

Gaudiosa akasimama. "Naomba Daktari atusomee ukurasa wa kumi na tisa, atufasirie."

"Muda hautoshi," Wilbard akasema.

"Mimi ninao muda," akasema yule bibi wa Kiswidi. Maneno ya kurasa zile Wilbard alikuwa kayarusha ukutani kwa projekta, makubwa. Akayasoma kimoyomoyo, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akafasiri polepole: "Leo nimemvunja kaka wa mwisho vipande viwili. Nusu nimemchovya kwenye chai, nikamla. Nusu alikuwa na ukungu, nikamtupa baharini."

Kumbe kaka kwa Kiswidi ni mkate mdogo mtamu, wa kunywea chai! Gaudiosa alikuwa kaandika pembeni mwa daftari, kwa mzaha wake tu, "kaka yetu kafika Guangzhou", na lile jitu likaubeba mzaha likaufanya ugunduzi. Loo! Miaka saba ya chuo, linatukuza biskuti.

Profesa Liang hakucheka. "Asiyejua neno hili hawezi kuwa kanakili kurasa mia moja na arobaini. Nani kanakili?"

"Mimi," akasema Wilbard, bila haya.

"Ni kazi yangu," akasema Gaudiosa. "Daftari langu lilipotea."

"Lilipotea wapi?"

"Nadhani... kwenye metro."

Wilbard akatabasamu. "Metro! Sasa mimi nimeokota metro? Una shahidi gani?" Na hapo akanitupia jicho, mara moja tu, la mtu anayejua kafunga mlango na ufunguo anao mwenzake.

Watu wangu wote wa Zhanqian Road walikuwa pale. Nikasimama.

"Halikupotea," nikasema. "Lilikuwa stoo kwangu. Nilimpa mie kwa mikono yangu, kisha nikamwongopea mtoto huyu mara tatu. Lipo kwenye mkoba wake sasa hivi, lina gamba la kijani."

Profesa Liang akanyoosha mkono. Wilbard akalitoa. Alitoka na suti yake, na hakuna aliyempisha njia.

Ufadhili wa Gaudiosa umeongezwa miaka miwili. Wilbard yupo bado mjini, anatafuta mtu wa kumwita Daktari. Namdharau, tena sana, lakini yeye aliiba daftari, hakumtembeza mtoto wa watu stesheni kwa stesheni. Hiyo ilikuwa kazi yangu.

Juzi Gaudiosa kaja stoo kuchukua koti lake aliloliacha. Nikampisha kiti, hakukaa. Nikamtilia chai, hakunywa. Alikunja koti, akainama kidogo kwa adabu zake zilezile.

"Shikamoo, Bi Shamsia," akasema. "Asante kwa kunitunzia."

Udada wangu ulikuwa umekwisha.