Ukimya Uliokula Herufi

Jirani zake humwita Taarifa. Zamani alisoma habari redioni, na mpaka leo akiomba chumvi dukani utadhani anawatangazia wananchi. Kituo kilipofungwa, alibaki na ile sauti kama mtu aliyebaki na funguo za nyumba iliyobomolewa.

Kwa hiyo maktaba ya wasioona ilipomwambia arekodi sura moja ya riwaya, wamsikilize kwanza ndipo wamkabidhi kitabu kizima, alirudi nyumbani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya kusahauliwa. Akaanza kupigana na kelele. Alitundika mablanketi ukutani, akaegemeza godoro dirishani, akaweka kipaza sauti mbele ya kabati lililo wazi, maana nguo hunywa mwangwi. Friji aliizima. Siku moja akasahau kuiwasha, maziwa yakachacha.

"Sauti tumeipata," mama yake akasema, "ila chai tutakunywa kavu."

Mama huyo alikuwa mhudumu wa wodi tangu ujana wake, na mojawapo ya kazi alizozipenda ilikuwa kuwanyamazisha wageni ili wagonjwa walale. Siku hizi goti halimpi nafasi, na macho yamefifia. Huzunguka nyumbani akiuliza, "Nikusaidie nini?" na jibu huwa ni kwamba hakuna. Kuna swali gani zito kuliko hilo, likiulizwa kila asubuhi na mtu aliyekulea?

Sasa kazi ikapatikana. Alitoa kiti nje, akakiweka chini ya dirisha, akamkabili fundi wa mageti aliye ng'ambo ya njia.

"We fundi! Mwanangu anasoma!"

"Bibi, nyundo haijui kunong'ona."

"Basi kapumzike, unywe chai."

"Utanilipia?"

"Nitakulipa kwa dua."

"Dua yako ya jana bado sijaiona, bibi!"

Lakini aliweka nyundo chini.

Taarifa alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kusoma, alikaa kimya kidogo huku akirekodi, ili kompyuta isikie chumba kilivyo bila mtu kuongea: feni yake yenyewe, mvumo wa nyaya. Kisha aliiambia: hizi ndizo kelele, ziondoe popote utakapozikuta. Alisoma sura yote kwa pumzi nzuri, akaisafisha kwa njia hiyo, akaituma bila kuirudia kuisikiliza. Miaka yote ya redioni, kusikiliza ilikuwa kazi ya fundi mitambo.

Mhariri wa maktaba alimpigia simu.

"Dada, sauti unayo. Lakini s zako zimekwenda wapi? Ukisema 'sisi' nasikia 'i-i'. Kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele."

"Meno yangu yapo yote."

"Basi rudia, dada yangu. Ikija hivi tena itabidi nimpe mwingine. Wanafunzi wanakisubiri kitabu."

Alisimama mbele ya kioo akisema sisi, sisi, sisi, huku akipapasa meno kwa ulimi. Aliogopa. Labda uzee huanza hivyo, alifikiri, hukuibia herufi moja moja na wewe ndiye wa mwisho kujua.

Kisha akasikiliza rekodi ya awali, ambayo haijasafishwa. S zilikuwemo zote. Akafungua kile kipande cha ukimya, akavaa hedifoni, akaongeza sauti. Nje ya dirisha, kwa nguvu zote za mhudumu wa wodi, mtu alikuwa akimnyamazisha fundi:

"Shiii! Shiiii!"

Kompyuta, kwa utii wake, ilikuwa imepitia sura nzima ikikwangua kila kilichofanana na sauti hiyo.

Alicheka, kisha akavua hedifoni. Angemwambiaje? Angeweza kumvizia amelala, arekodi, yaishe. Lakini mama alikuwa tayari mlangoni.

"Wamesemaje?"

Akamvisha hedifoni. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Nani huyu mpiga kelele?"

"Ni wewe, mama."

Mzee alivua hedifoni polepole. "Kumbe miaka yote ile nilikuwa nawaamsha wagonjwa," akasema. Akageukia upande wa dirisha, kilipo kiti chake nje. "Basi nitakaa chumbani, nisikuharibie."

"Na fundi nani atamweza? Mimi ananicheka. Rudi kitini, mama. Ila leo tumia mkono."

Taarifa alisogeza godoro kidogo, akachungulia. Mama alikuwa ameinua kiganja kama askari wa barabarani. Ng'ambo ya njia, fundi alikuwa ameganda, nyundo ikiwa hewani, akizuia kicheko. Taarifa akarudisha godoro, akarekodi ukimya, akasoma. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho ndipo akatuma.

Jibu lilikuwa fupi: s zimerudi, endelea na sura ya pili.

Mama hakuuliza habari za sura. Aliomba kusikia ukimya. Akasikiliza kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Nasikika?"

"Husikiki, mama. Hata kidogo."

Akatabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo. Taarifa hakuweza kutabasamu naye mara moja. Alikwenda jikoni, akawasha friji, akasimama akisikiliza ikivuma, mpaka sauti ya mama, aliyekwisha kurudi kitini, ilipopaa kutoka nje ya dirisha:

"Haya, fundi, gonga! Umelala?"