Nilimbandikia Mama Stika Badala ya Sindano

Mimi ndiye mjinga, msinitafutie wakili. Nina miaka arobaini na mbili, nina duka la hardware hapa Gitothua, na naogopa sindano kuliko simba.

Mama yangu ana kisukari. Akiwa kwake Makongeni alijidunga insulini tumboni mwenyewe miaka mingi. Macho yalipofifia nikamleta kwangu, na kazi ya kumdunga ikawa yangu. Woiye! Siku ya kwanza nilifunga macho. Sindano ikadunga godoro.

Niseme naogopa? Mimi, mwanaume mzima? Nikatafuta ujanja.

Kamakis, kwenye vibanda vya nyama choma, nikingoja nyama, jamaa wa koti jeupe akaniuzia stika. "Hii ni insulini ya kubandika, boss. Wazungu walitupa sindano kitambo." Koti lilikuwa na doa la mchuzi. Nililiona, nikalisamehe.

"Una hakika?" Mama akaniuliza nikimbandikia.

"Mami, hii ni teknolojia."

Siku ya pili alikunywa maji jagi baada ya jagi. Ya tatu akatapika, pumzi ikanuka kama matunda yaliyooza, maneno yakamkwama. Na mimi huyo, nambandikia nyingine! Dada yangu Wambui alipopita kumsalimia, aliita teksi bila hata kuniuliza.

Hospitalini Thika, nesi akaibandua stika, akaigeuza, akasoma. "Hii ni ya maumivu ya mgongo."

Ngai!

"Lakini si kuna insulini bila sindano?" nikamuuliza nesi, nikijitetea mbele ya Wambui.

"Nchi zingine kuna ya kuvuta kwa mdomo, kwa wanaofaa. Kuna pampu, na hiyo pia huingiza kamrija chini ya ngozi. Ukimeza insulini, tumbo linaisaga kama chakula. Sasa wewe, ya kubandika uliandikiwa na daktari gani?"



Mama alilala ICU siku nne. Alipopata nguvu akaniambia, "Nilikuzaa siku nzima na sikukimbia. Wewe umeshindwa na kitu chembamba kama unywele?"

Sasa anaishi kwa Wambui. Nikienda saa ya dawa ananiambia, "Ngoja nje, hapa ni kwa watu wazima." Nangoja.

Wewe unayeogopa sindano, sema! Mwambie nesi, mwambie jirani, lia ukitaka. Lakini usimfanyie mzazi wako majaribio ili wewe uonekane mwanaume.