Kuliko Nilivyowaza

Wodi nzima ilimwita Sista, hata wagonjwa waliomzidi umri. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka kumi na tisa, mikono yake myepesi, Kiingereza chake kizito. Kiingereza hicho ndicho kilichomfungia njia ya kwenda kufanya kazi ng'ambo. Mtihani wa kuandika ulikuwa umemwangusha mara mbili, na wakala wa ajira za huko hakupokea mtu aliyetimiza miaka arobaini na tano. Yeye alibakiza miezi minne.

Aliyemfundisha ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwalimu wa sekondari. Jumamosi walikaa jikoni, daftari katikati ya sufuria.

"Shemeji, hapa umeandika 'bigger than my imagination'," mwalimu alisema. "Hospitali kubwa kuliko fikra zako? Umeviweka kwenye mzani mmoja?"

"Si tunasema imepita fikra?"

"Tunasema. Basi andika imepita: 'beyond'. Ukitaka kuliko, malizia na ulichokiwaza: 'than I had imagined'. Kubwa kuliko nilivyowaza."

"Kumbe ni kama kwetu tu."

"Kama kwetu. Unajitia ugumu bure."

Sista akacheka. "Nimezalisha mamia ya wanawake, sentensi moja inanishinda kuizalisha."

Aliiandika mpaka ikamkaa.

Siku ya mtihani waliambiwa waeleze siku wasiyoisahau. Alieleza ya mama wa kwanza kumfia mikononi, yeye akiwa mgeni kazini. Akafika mahali pa kusema kwamba damu ilikuwa nyingi kuliko alivyowaza. Akaandika. Akaisoma tena: ilikuwa sawa, kila neno mahali pake. Ndipo mama yule akamjia na sura yake yote, na kalamu ikagoma. Karatasi zilipokusanywa, insha yake haikuwa na mwisho.

Alipungukiwa nusu alama.

"Ile sentensi hukuikosea?" shemeji aliuliza.

"Sikuikosea."

"Sasa ilikuwaje?"

"Ilikuwa kweli, shemeji. Nikashindwa kuendelea."

Mwalimu akatazama kalenda. Mtihani mwingine ulikuwa baada ya miezi sita.

Wakala alipopiga simu kumwambia jina lake limeondolewa, Sista alimshukuru. Daftari akampa muuguzi mmoja kijana aliyeliomba, wala hakuuliza kama lilimfaa. Kabla mwaka haujaisha, wenzake wanne waliondoka kwenda ng'ambo. Zamu zao akagawiwa yeye.