Mwezi Kapteni Alipochuma Pamba

Miaka ya shida, kabla maduka hayajajaa tena, nyavu za Mugango, pale kando ya ziwa, zilielea kwa kandambili. Kandambili ikikatika mara ya tatu, ikashindikana kushikizwa kwa waya, haikutupwa. Ilikatwa vipande vidogo, vikatobolewa kwa msumari wa moto, vikapangwa kwenye kamba ya juu ya wavu. Hayo ndiyo yalikuwa maboya yetu. Nyuzi tulizichomoa kwenye matairi mabovu ya malori, mmoja mmoja, kazi ya kutwa nzima iliyotuacha na vidole vyeusi. Na kila kapteni alizijua kandambili za watu wake. Wa kwetu alikuwa akivuta wavu huku anausoma: "Hii ya bluu ya mke wangu. Hii ya shemeji, ona alivyoikanyaga upande. Hii ya mchungaji, alituachia alipohamishwa." Kuiba wavu wa mtu siku zile ilikuwa ni kuiba na miguu ya watu. Ungeiuza wapi?

Nasema kapteni kwa sababu ndivyo tulivyomwita, kama wa timu ya mpira. Nahodha lilikuwa neno la redioni.

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na tatu na cheti cha kidato cha nne kilichoanza kulika pembeni. Nilikuwa nimeshaacha kazi tatu: kupanga magunia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, kubeba matofali Butiama, na kukaa dukani Musoma mjini ambako hapakuwa na cha kuuza isipokuwa viberiti na dawa ya mbu. Nyumbani kwetu, upande wa Bunda, baba alikuwa na shamba la pamba na alinitaka mimi. Miguu yangu ndiyo haikutaka. Niliondoka asubuhi moja nikasema naenda kutafuta chumvi, na ikapita miaka mitatu.

Kapteni alinichukua kwa sababu ya kitabu. Alikuwa amepata mashine ya mtumbwi, iliyopita mikono mingi kabla ya kumfikia, na ilikuja na kitabu cha maelezo kwa Kiingereza. Nilikisoma pale ufukoni, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, watu wamenizunguka kana kwamba nasoma barua ya msiba. Nilipofika mahali palipoandikwa kiasi cha oili cha kuchanganya kwenye petroli, alisema, "Huyu abaki." Nikabaki. Tulikuwa watano: yeye nyuma kwenye mashine, shemeji yake, vijana wawili wa hapo hapo, na mimi mbele, mahali pa mtu anayeshika wavu wa kwanza.

Nchi kavu alikuwa mtu wa watu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kuongoza pambio bila kukohoa. Msibani yeye ndiye aliyetoa neno la wavuvi. Bwana samaki akija kutoka wilayani, yeye ndiye aliyempokea na kumweleza, kwa heshima na bila kuinamisha kichwa, kwa nini mizani ya mwalo imeharibika tena. Mwalo ni ule ufuko ambao mitumbwi hufika na samaki hushushwa, na yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati yake. Aliendesha vikao akiwa amekaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa. Hakuwa mkali. Alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu mwenyewe aone aibu ya alichosema.

Kisha mambo yakafunguka. Nyavu zikaanza kuonekana madukani, mpya, za kijani, na maboya ya plastiki meupe yanayong'aa. Malori yenye barafu yakaanza kufuata sangara mpaka mchangani. Tulifurahi sana, nasema kweli. Nilivaa kandambili mpya nikajiona bwana arusi. Lakini maboya meupe yalikuwa yote sawa. Wavu wa huyu na wavu wa yule hukuweza kuutofautisha, na wezi wakaliona hilo kabla yetu. Watu walianza kwenda ziwani asubuhi wakakuta maji matupu.

Kwenye kikao wengine walitaka wezi wapigwe, wengine walitaka mitumbwi ichomwe. Kapteni wetu akapendekeza sheria yake: mtumbwi utakaovuta wavu usio wake, kwa nia au kwa bahati mbaya, utakaa mchangani mwezi mzima. Ilipita. Mtu mmoja alinung'unika kwamba ni sheria laini.

Nyumbani kapteni alitupatia kitambaa chekundu, kanga iliyochakaa, akatuagiza tuichane na kufunga utepe kwenye kila boya. Kila boya, alisema. Wavu wa kwanza nilipewa mimi. Nilifunga boya la mwanzo na la mwisho, na machache ya katikati. Nilikuwa na cheti, nikaona mengine hayana maana.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mvua nyembamba, ile inayolifunika ziwa mpaka huoni vilima vya Kiriba. Tulizunguka kidogo tukitafuta. Nikaona mstari wa maboya meupe, nikashika la kwanza lililonifikia. Halikuwa na utepe. Nikajiambia ni yale ya katikati, mkondo umeukunja wavu.

Kapteni akapunguza mashine. "Ni yetu?"

"Ni yetu," nikasema.

Tukavuta. Walikuwemo sangara sita wakubwa, na tulirudi tukiimba.

Ni yeye aliyegundua, pale mchangani, akimtoa samaki wa tatu. Alisimama na kipande cha wavu mkononi, kwenye sehemu iliyowahi kushonwa. Kulikuwa na kapteni mmoja wa Kiriba aliyeshushia samaki mwalo wetu, mtu mrefu, mwenye kutumia mkono wa kushoto, na mafundo yake yalizunguka kinyume na ya watu wengine wote. Kapteni wetu aliyaangalia yale mafundo, akaniangalia mimi. Hapakuwa na mtu karibu. Tungeweza kuurudisha majini jioni, na samaki wasingesema. Akaukunja ule wavu vizuri, akawaweka wale samaki sita juu yake, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mtumbwi wa mtu wa Kiriba.

"Ndugu yangu," alisema, "huu ni wako. Itisha kikao."

Kikao kilijaa. Mpaka wanawake wa dagaa waliacha kuanika wakaja kusimama nyuma. Kapteni wa Kiriba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hasira, lakini alitafuta mlango wa kutokea.

"Mimi na mwenyekiti hatuna neno," alisema. "Ametuletea wavu kwa mkono wake. Aliyevuta ni huyu mtu wa pamba. Hana kwao hapa. Aondoke mwaloni leo, mtumbwi wa mwenyekiti uingie majini kesho, tumalize."

"Sawa! Sawa!" watu wakaitika. Nilisikia na sauti ya shemeji nyuma yangu, ya chini: "Hata mimi naona sawa."

Nilikuwa nimeshaanza kufikiri njia ya kwenda Musoma. Kuondoka nilikuwa nakujua. Lakini mara ile, kwa mara ya kwanza, sikutaka.

Kapteni alinyanyuka kwenye kreti.

"Sheria hii nani aliileta?"

"Ni wewe."

"Nilisema kijana, au nilisema mtumbwi?"

"Mtumbwi," wachache wakajibu.

"Nilisema mtumbwi. Nikirudi na samaki wengi mnasema nini? Mnasema kapteni fulani amepata. Sijawahi kusikia mtu anasema yule wa mbele amepata. Sifa mnanipa mimi. Basi na leo aliyevuta ni mimi."

"Kapteni, una watoto saba!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

"Nawajua, mama. Niliwaacha saba asubuhi."

Watu wakacheka bila kutaka. Akalisukuma lile kreti kwa mguu mpaka kwa mtu wa Kiriba. "Mwenyekiti hawezi kuwa mtu anayetumikia adhabu. Kaa wewe." Akaondoka, nasi tukamfuata kama bata.

Tukisaidiwa na watu, mtumbwi tuliuvuta juu mchangani siku hiyo hiyo. Shemeji hakuweza kuvumilia tena.

"Mwezi mzima! Tutakulaga nini? Tutachemsha cheti chako?"

"Shemeji," kapteni alisema.

"Hapana, niache niseme. Mtu anaambiwa kila boya. Kila boya! Hilo nalo linataka kidato cha nne?"

Kapteni alimwacha amalize. Kisha akaniuliza, kana kwamba tulikuwa tunaongea habari nyingine kabisa, "Kwenu pamba imefunguka?"

"Wakati huu imefunguka, kapteni."

"Wachumaji wanapatikana?"

"Baba alikuwaga analalamika kila mwaka kwamba hawapatikani."

"Basi twende kwenu."

Nilimwambia siwezi. Nilimweleza habari ya chumvi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka mitatu unatafuta chumvi? Twende, tutamwambia imepatikana."

Tulitoka kwa miguu na kwa malori ya watu wenye huruma. Butiama tulipumzika kwa yule niliyewahi kumbebea matofali, akatupa uji, akaniambia nyumba niliyoisaidia kujenga haijapata ufa. Siku ya pili, jua likiwa limesimama, tulifika shambani kwetu. Baba alikuwa amesimama katikati ya mstari na gunia begani. Alituangalia watano, mmoja mmoja, akamalizia na mimi.

"Umerudi na jeshi," alisema.

"Shikamoo, mzee," kapteni akasema. "Tumesikia kuna kazi."

"Marahaba. Ninyi si wavuvi? Harufu yenu imefika kabla yenu."

"Ni wavuvi. Lakini mikono tunayo."

Mikono ilikuwepo, ila ilikuwa ya kitu kingine. Kuchuma pamba kunataka vidole vyepesi, na kapteni alikuwa na vile vya kukaba sangara. Alichuma na maganda, akachanja vidole kwenye miiba ya vitumba vikavu, akachanganya pamba nyeupe na ile yenye madoa iitwayo fifi. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi, na hakujali cheo cha mtu.

"Wewe baba! Unaweka fifi kwenye safi! Ulikuwaga kapteni wa nini?"

"Wa samaki, mama. Samaki hawana fifi."

"Rudia mstari."

Akarudia. Mtu ambaye bwana samaki alimwamkia kwanza alirudia mstari kwa amri ya mama yangu, akiwa ameinama, akiimba pambio zake polepole. Vijana wetu wawili wakashindana naye wakamshinda, wakamtania kutwa, naye akakubali utani. Shemeji, ambaye alikuja amenuna, aligundua ana mkono mzuri wa pamba kuliko sote, na uso wake ukakunjuka.

Siku ya nne au ya tano, tukila ugali mchana kando ya magunia, baba aliuliza nililokuwa naliogopa.

"Huyu wangu alifanya nini hasa, mpaka mkatoka majini?"

Kapteni alimeza tonge. "Wavu ulivutwa vibaya, mzee. Mimi nilikuwa kwenye mashine. Sikuangalia."

Neno lingeishia hapo, na baba angelipokea. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo. Huenda ni vile vidole vyake vilivyochanika, vimeshika tonge kwa uangalifu.

"Ni mimi, baba. Niliagizwa kuweka alama nikaweka nusu. Nikaulizwa kama wavu ni wetu, nikasema ni wetu. Kapteni amekubali adhabu yangu."

Baba alinawa mikono taratibu. Akamwangalia kapteni, sio mimi. "Kijana huyu mimi nilishindwa kumweka," alimwambia. "Ahsante."

Ni neno hilo tu. Sikuwa nimewahi kulisikia mdomoni mwake kwa mtu asiyekuwa wa ukoo. Tangu siku hiyo nilianza kwenda kwetu kila mwaka wakati wa mavuno, popote nilipokuwa, na nimekuwa mahali pengi: Mwanza, Geita, Tunduma, na miji ambayo sasa nachanganya majina ya mitaa yake. Baba alikufa tukiwa tunaongea vizuri. Hilo nalihesabu kuwa zawadi ya kapteni, ingawa yeye alifikiri ametafuta tu chakula cha watu wake.

Mama alitulipa mahindi na udaga wa mihogo mikavu, gunia kwa kila nyumba, na lori la mzigo likatufikisha Mugango. Zaidi ya hayo mama aliongeza gunia la fifi. Kapteni ndiye aliyemwomba. Mtumbwi ukikaa mchangani mwezi mzima mbao hukauka na kuachana, na nyufa huzibwa kwa pamba. Siku mbili tulisindilia pamba kwenye zile nyufa kwa patasi butu, tukapaka lami, na mwezi ukaisha.

Mtumbwi wa ukubwa ule watu watano hawausukumi. Siku za kawaida ukisema tu "jamani" wanakuja kumi. Lakini siku ile kapteni hakuita. Nadhani alitaka kujua amebaki na nini. Alipita katikati ya watu waliokuwa wanashusha samaki, akawaamkia, akaja akaweka bega kwenye ubao. "Haya," akatuambia sisi wanne. Tukasukuma. Haukujongea hata kidole. Tukasukuma tena, mchanga ukatumeza miguu. Shemeji akatazama chini.

Kisha mkono wa kushoto, mrefu, ukashika ukingo kando ya wangu. Sikugeuka.

"Mwezi huu nimeamua kesi tano," kapteni wa Kiriba alisema, akimwambia kapteni wetu juu ya kichwa changu, "na mwalo mzima umenichukia. Wewe walikuwaga wanakuchukia kwa heshima. Kazi yako hiyo, njoo uichukue."

"Kwanza sukuma," kapteni wetu akamjibu.

Wakaja wengine, wenye matope na wenye magamba mikononi, akaja na yule mama aliyetaja watoto saba, kanga kaifunga kiunoni. Mtu akaanzisha wimbo. Mtumbwi ukalia kwa chini, ukatikisika, ukaanza kwenda, nasi tukawa tunaukimbilia.